Ndege Zilizoruka Daftarini

Kosa nitakalolieleza hapa ni kiburi cha mtu aliyesoma. Silo kosa la jeshi lililokimbia wala la serikali iliyotuacha. Hayo wameyaandika wengi na wengine watayaandika tena. Ni kosa langu mimi. Kwa miaka miwili nilirusha ndege za vita katika daftari la shule, na vita vyenyewe vilipofika nikaliamini daftari kuliko mzee aliyewahi kuzishika ndege hizo kwa mikono yake.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa historia na jiografia, nikiishi Cimpunda, mtaa wa Bukavu, na mama yangu aliyekuwa mjane. Nyumba yetu ya mbao ilishikilia mteremko kama nyumba zote za kule: maji ya vyombo ya jirani wa juu yalipita mlangoni kwetu kabla ya kumfikia jirani wa chini, na hakuna aliyekasirika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wa juu yake. Wakati wa Kwaresima mama aliteleza kwenye njia hiyo ya maji akavunjika nyonga. Mfupa haukuunga vizuri. Tangu hapo alikaa, alilala, alitoa amri, lakini hakutembea.

Jumapili moja ya Septemba, baada ya misa ya pili, wenzangu wawili walikuja kama ilivyokuwa desturi. Wa kwanza alikuwa Bisimwa, fundi cherehani, rika langu, mtu aliyeweza kukuchekesha hata ukiwa umefiwa. Wa pili alikuwa Papa Mastaki, fundi mstaafu wa jeshi la anga, aliyekuwa ametumikia miaka mingi katika kambi moja ya kusini na kurudi Bukavu na kifua kibovu na maneno machache. Tuliweka kasiksi katikati, ile pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake, nami nikafungua daftari.

Mchezo wetu ulikuwa huu. Zamani, wakati shaba ilipokuwa bado na bei, taifa lilijichagulia ndege za kivita za Wafaransa, zile za mabawa ya pembetatu, zipitazo kasi ya sauti. Lilikuwa pia na ndege ndogo za Waitaliano, za polepole, lakini kwa mafunzo zaidi kuliko kwa vita. Mimi nilishikilia kwamba uchaguzi ule ulikuwa makosa. Nchi ya misitu na mabonde, nilisema, ilihitaji zile ndogo peke yake, nyingi, zenye uwezo wa kutua kwenye uwanja wa udongo na kulifuata bonde kama mbwa afuataye harufu. Basi katika daftari nilikuwa nimeiandika upya historia ya Zaire kama ambavyo ingekuwa. Kila uasi ulizimwa kwa wiki moja. Kila mpaka ulilindwa. Nilikuwa nimechora hata bonde la Ruzizi, kuanzia Mumosho kwenda chini, na kuweka alama mahali ambapo ndege zangu zingegeuka.

"Prof, leo tunapiganisha nani?" Bisimwa aliuliza.

"Kusini. Adui anapanda kutoka tambarare ya Uvira."

"Weka ile ya Wafaransa. Ile iko na taille! Unaiona tu, unajua iko ndege. Ya kwako inafanana na mutoto wa primaire anaenda masomo."

"Ya kwako inapita juu ya bonde kabla rubani hajaona kitu."

"Na pneu?" Papa Mastaki aliuliza.

Tukamgeukia.

"Tairi gani, papa?"

"Ndege inashukaka na pneu. Mu ile kaye yako," alisema akiligusa daftari, "njo nani anabadilishaka pneu?"

Bisimwa alicheka mpaka kasiksi ikampitia puani. Kutoka ndani mama aliita: "Mumuwachie mutoto wangu na ndege zake. Hazikulake bugali yetu."

Nami nilicheka. Papa Mastaki alikuwa anauliza swali hilo, au lingine la namna hiyo, karibu kila Jumapili: betri, mafuta, mtu wa kusafisha uwanja. Nililichukulia kuwa ni swali la fundi. Nilidhani mimi naona vita na yeye anaona spana.

Mwezi uliofuata Uvira ilianguka mikononi mwa waasi. Watu walipanda kutoka kusini na magodoro vichwani, na barabara ya Nyangezi ikajaa wanajeshi wetu waliokuwa wakirudi nyuma wakisema kwamba hawarudi nyuma. Mjini kulienea uvumi kwamba serikali inaleta ndege. Sajini mmoja alimwambia Bisimwa alipokwenda kushonewa suruali kwamba zimeshafika Kisangani. Mwingine alisema zinatoka kusini. Hakuna aliyesema ni ndege gani, na hapo ndipo nilipopata kazi. Nilikaa na daftari Jumapili nzima. Nilipima umbali wa njia mbili, nikaweka kasi ya ndege za aina zote mbili, nikatoa saa za mvua ya asubuhi ambayo hufunika ziwa, nikaongeza muda wa kujaza mafuta uwanjani Kavumu. Nilipata jibu: Jumanne, kabla ya saa sita mchana.

Lilikuwa jibu zuri sana. Kila hatua ilifuata nyingine.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo huwezi kupima nilichofanya. Jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani tunaiita shirika, na kila shirika lilikuwa na kipoyi chake, kiti cha miti kinachobebwa mabegani kumpeleka mgonjwa hospitali. Kipoyi huhitaji wanaume wanne. Orodha ya wabebaji huandikwa, na zamu ikikuangukia huwezi kukataa, hata kama mgonjwa ni adui yako. Mimi ndiye nilikuwa mwandishi wa shirika letu, na mwandishi ndiye husema kipoyi kinaondoka lini.

Jumatatu asubuhi wabebaji wanne walikuja mlangoni, bila kuitwa. Bisimwa alikuwa mmoja wao. Walikuwa wameshaamua njia: kupanda mlima, kupita Mugogo, kumfikisha mama Walungu, kisha warudi kuchukua familia zao. Anga lilikuwa safi na njia kavu. Mizinga ilisikika, lakini mbali, kama mtu anayesogeza kabati katika nyumba ya jirani.

"Prof, tubebe maman leo," Bisimwa alisema. "Kesho hatujue."

Niliwaonyesha daftari. Niliwaeleza umbali, kasi, mawingu. Niliwaambia kwamba kumtikisa mwanamke mwenye nyonga ile siku nzima mlimani ni hatari ya hakika, na kubaki ni hatari itakayokwisha kesho saa sita. Walinisikiliza kama watoto wangu wa darasa la sita walivyonisikiliza. Ukimtoa Bisimwa, walikuwa wachimba mawe na wauza makaa. Kwao mimi nilikuwa mtu ajuaye.

Papa Mastaki alikuwa amefika akasimama nyuma yao, na mjukuu mgongoni.

"Ndege hazikuye," alisema.

"Papa, zimeonekana Kisangani."

"Mi nilikuwa kule kusini, mu kambi yao, mutoto wangu. Nilizitunza. Siku nilitoka, ile ya Wafaransa ilikuwa juu ya mawe, haina magurudumu. Kuku zilikuwa zinataga mayai mule mu pua yake. Na ya Waitaliano, ndugu yake. Hakuna hii, hakuna ile. Iko mawe tu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilisema kila dimanche. Mulicheka."

Naandika hapa nilichofikiri, kwa kuwa ndicho kiini cha jambo. Nilifikiri: huyu ametoka kambini zamani. Nilifikiri: fundi haelezwi mipango ya serikali. Nilifikiri pia, na hili lilinichukua miaka kulikiri, kwamba ikiwa mzee anasema kweli, basi kurasa zangu zote ni upuuzi, na mbele ya watu wanne.

"Tungoje mpaka kesho saa sita," nikasema.

Mama alikuwa amesikia yote kutoka kitandani. "Hizo ndege," aliuliza, "njo zinakuya kunibeba?"

Wabebaji walicheka, wakaenda. Papa Mastaki hakucheka. Aliwachukua wajukuu wake saa ileile na kupanda mlima, na baadhi ya majirani wakamfuata. Wengine walibaki. Niliwasikia wakiambizana kutoka mlango hadi mlango: Prof amesema kesho.

Jumanne mvua haikunyesha. Anga lilikuwa wazi kabisa, kama nilivyoomba.

Saa nne mizinga ilikuwa karibu. Saa tano bomu la kwanza likaangukia upande wa chini wa mtaa wetu. Niliketi uani nikitazama juu.

Saa sita.

Saa sita na robo.

Mabati ya jirani wa juu yalitobolewa na kitu ambacho sikukiona. Mama aliniita kwa jina langu la utotoni. Niliingia ndani, nikakuta amejifunga kitenge chake kizuri na rozari mkononi, tayari kama anayengoja padri.

Wabebaji wawili walikuwa wameondoka na wake zao, siwalaumu. Wa tatu sikumpata. Bisimwa alikuja peke yake, akihema.

"Wawili basi," alisema. "Mi mbele, weye nyuma. Maman, usiwe mzito leo."

"Mi njo niko mwepesi kuliko kaye yake," mama akajibu.

Tulipanda. Kipoyi cha watu wanne kikibebwa na wawili hulala upande, na kila kilipolala mama alikaza meno nikamsikia. Njia ilijaa watu, mbuzi, mashine za kushona, mlango mzima uliong'olewa nyumbani. Ukimya ule wa maelfu ya watu wanaotembea sijausikia tena mahali popote, na sitaki kuusikia.

Juu ya mlima tuliwakuta wanajeshi wetu.

Walikuwa saba au wanane. Walikuwa na friji, magodoro, jenereta. Walitafuta mabega.

"Yo! Yaka awa!" mmoja alimwita Bisimwa kwa Kilingala, akimwonyesha jenereta aibebe. "Memá eloko oyo!"

Bisimwa alisema ana mgonjwa. Askari alimwekea mtutu kifuani.

Tukakishusha kipoyi taratibu. Bisimwa aliinua upande mmoja wa jenereta, akageuza kichwa kunitazama.

"Prof, andika mu kaye: Bisimwa amepata kazi ya serikali."

Akaenda nao. Niliona shati lake la kijani mpaka lilipozama kwenye kona.

Hakurudi.

Mimi niliachwa katikati ya njia na mama kwenye kiti cha miti. Nilimwomba mtu mmoja, wa pili, wa kumi. Walinipita. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wangu wa zamani. Walinitambua, wakaangalia chini. Kila mtu alikuwa na wake wa kubeba. Nilijaribu kumweka mama mgongoni, akapiga ukelele ambao sikujua kwamba umo ndani yake, nikamrudisha. Sikuwahi kuwa peke yangu kama saa ile, na nilikuwa nimezungukwa na mji mzima.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama.

Alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaobeba magunia kutoka bandarini hadi soko la Kadutu, kwa mugozi, ule ukanda unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni. Kazi hiyo huacha alama: alikuwa na mfereji kwenye paji, laini kama uliochongwa. Mgongoni alikuwa na gunia la vitu vyake vyote. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akalitua gunia.

"Muko wawili tu?"

"Wawili tu."

"Kipoyi iwache. Weye beba mufuko. Mi nabeba muzee."

"Nyonga yake imevunjika, mama. Haiwezekani mgongoni."

"Mugongo yako njo haiwezekani."

Alikunja blanketi akaliweka chini ya mapaja ya mama kama kiti, akapitisha mugozi, akachuchumaa, akainuka kwa pumzi moja. Mama hakulia. Nilijaribu kubeba gunia kwa namna ileile, ukanda ukanipinda shingo ndani ya hatua ishirini. Nikalikumbatia kifuani kama mtoto na kwenda nyuma yao.

Mama, kwa desturi ya Washi, watu wetu, hakukubali kubebwa na mtu asiyemjua. Alimuuliza jina lake, na la baba yake, na kilima alichotoka, na yule mwanamke alijibu yote kwa Kimashi, kichwa kimeinamia ukanda. Wakagundua kwamba bibi zao walikuwa wa kilima kimoja. Baada ya hapo waliongea bila mimi. Waliongea juu ya ng'ombe mmoja wa zamani aliyekuwa mkorofi, nikamsikia mama akicheka mara mbili. Mume wa mwanamke yule alikuwa amekwenda Shabunda kuchimba dhahabu na hakuwa ametuma habari tangu Pasaka. Alikuwa anamfuata huko kwa miguu.

Kesho yake asubuhi, tukiwa kwenye sehemu ya njia isiyo na miti, tulisikia injini.

Ilitoka juu.

Watu walijitupa pembeni. Mwanamke yule aliingia mtaroni na mama mgongoni, akamfunika kwa mwili wake.

Mimi nilibaki nimesimama.

Nilikuwa katikati ya njia, peke yangu, uso juu, gunia kifuani. Nilikuwa natafuta mabawa. Nilitaka kujua ni aina gani.

Ilikuwa ndege ya mizigo, juu sana, ikielekea magharibi. Ilikuwa inaondoka.

Mwanamke alitoka mtaroni, matope hadi shingoni.

"Ulikuwa unangojea nini?"

"Ndege zetu."

"Na ingekuwa zenu," alisema, akionyesha kwa kidevu njia iliyojaa watu na wanajeshi na friji, "huku chini ingetujua na nini?"

Katika kurasa zote za daftari lile, katika bonde zima la Ruzizi nililolichora, sikuwa nimemchora mtu mmoja akitembea.

Tulipita Walungu bila kupumzika, maana ilisemekana hapo pia hapana usalama. Ilikuwa imeanza kunyesha. Papa Mastaki, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ameshafika kwa ndugu zake akiwa mkavu na wajukuu wote.

Mama alipata homa. Siku ya tatu, mchana, alimwambia mwanamke amshushe, kwa adabu, kama mtu anayeomba gari lisimame nyumbani kwake. Alikaa ameegemea ukingo wa shamba la mihogo. Aliniomba maji, nikampa. Aliniambia nisiwe mkali kwa wanafunzi wanaosahau. Kisha akaufunga mkono wake juu ya rozari na akafa.

Mwanamke aliomba jembe kwa mwenye shamba, akachimba pamoja nami. Nilipochoka yeye aliendelea. Tulipomaliza alifunga tena gunia lake, akaweka ukanda kwenye paji, akaniuliza kama nina mahali pa kwenda. Nikasema ninapo. Haikuwa kweli. Akashika njia ya Mwenga, kuelekea msitu na Shabunda, na mimi sikumfuata hata hatua kumi ili kumshukuru.

Nilirudi Bukavu baada ya miezi. Mke wa Bisimwa alinikaribisha, akanipa kiti, hakuniuliza chochote. Kuna watu wa mtaa wetu waliobaki kwa neno langu na ambao sikuwakuta. Sijui wote ni wangapi, na sina haki ya kujifariji kwamba huenda wangebaki hata bila mimi.

Tangu hapo nimesoma mengi. Najua sasa zaidi kuliko nilivyojua juu ya ndege zile, namna zilivyonunuliwa na namna zilivyoachwa, na wasomi wenzangu bado hupenda kuketi na kujadili: kama taifa lingechagua nyingine, kama zingetunzwa, kama zingekuja. Huwa naondoka. Taifa lingeweza kuchagua ndege bora kuliko zote duniani, nazo zingefika Jumanne saa sita kamili juu ya njia ya Mugogo, na chini yake angekuwa mama yangu. Kuna "kama" moja tu ninayojiruhusu, nayo haihusu mabawa. Jumatatu ile, asubuhi, wanaume wanne walisimama mlangoni kwangu na njia ilikuwa kavu. Kama ningesema "ndiyo", Bisimwa angekuwa amerudi nyumbani kabla ya Jumanne saa sita, na mwanamke mzee angekufa kitandani, wakati wake ukifika, pengine akinisema.

Kila mwaka natoa nia ya misa. Karani wa parokia ana vitabu viwili, kimoja cha marehemu na kimoja cha walio hai, na kila mwaka huniuliza jina la tatu aliandike wapi. La mama analijua. La Bisimwa, baada ya miaka mingi, mke wake aliniruhusu kuliweka kwa marehemu. La tatu nimelitafuta kwa wote waliotoka Shabunda, kwa wachimbaji, kwa mapadri, kwa wabeba mizigo wa bandarini, na hakuna aliyeweza kuniambia kama mwenyewe yu hai. Namwambia karani aliandike katika vitabu vyote viwili. Ananiambia haifai. Nalitaja taratibu, herufi kwa herufi, mpaka anashika kalamu: Nabintu M'Bahizi.